Ambacho Kifungu Hakikusema

Simu ikiingia maji, Rizwana alijua la kufanya. Unaizima, unaifungua, unaiacha ikauke, huna haraka. Moyo ukiingia maji, hakuna fundi aliyewahi kumwonyesha unaanzia wapi.

Na Jumamosi ile, moyo wake ulikuwa umelowa chepechepe.

Alikuwa amekaa nyuma ya duka la simu la baba yake, pale mtaa wa Albert Park, chini ya yale maghorofa ambayo nguo zilizoanikwa madirishani hupunga kutwa nzima kama watu wanaoagana. Juu yake feni lilikuwa linazunguka pole pole, kama linalofikiria jambo. Harufu ya mafuta ya nywele ilikuwa inaingia kutoka saluni ya jirani. Mbele kwenye kaunta, baba yake, Mzee Ebrahim, alikuwa ameinamia simu ya mteja na bisibisi mkononi, miwani imeshuka hadi ncha ya pua. Na mbele ya Rizwana, ng'ambo ya meza ndogo iliyojaa vioo vilivyopasuka, alikaa mwanaume mmoja mwenye penseli sikioni, akisoma kwa sauti habari za mita za maji.

Ukitaka kujua mapenzi ni nini, msikilize mtu unayempenda akikusomea habari za mita za maji. Ukiona zinakuwa tamu, ndugu yangu, umekwisha.

Mwanaume huyo ni Sébastien, mgeni aliyekuja na Kiswahili cha kwao kilichochanganyika na Kifaransa. Siku za kazi huendesha forklift, kile kigari cha kuinulia mizigo, kwenye ghala moja la Clairwood, anapanga makontena na makatoni ya watu. Lakini Jumatatu inayokuja alikuwa na mtihani wa kuingia kazi ya ukarani serikalini, na ndani ya mtihani huo iko sehemu ya ufahamu. Unapewa kifungu cha kusoma. Chini yake unapewa sentensi. Unachagua jibu moja kati ya matatu: "True", yaani ni kweli, "False", si kweli, au "Cannot say", yaani kifungu hakijasema, haijulikani. Rizwana aliwahi kuufanya mtihani kama huo na akaupasi vizuri tu, ila macho ya baba yake yakaanza kusumbua, duka likataka mtu, naye akabaki. Kwa hiyo Sébastien alipoingia siku moja kununua chaja na kuuliza kama kuna mtu anayeijua ile mitihani, Rizwana alijikuta amesema, "Mimi." Alisema haraka kuliko heshima inavyotaka.

Toka hapo, kila Jumamosi.

Lakini hii ilikuwa Jumamosi ya mwisho. Na baada ya Alasiri, Bi Ameena wa Pinetown alikuwa anakuja kula samosa na kupokea jibu la posa ya mwanawe, Waseem.

Waseem ana duka la matairi. Hanywi, hapigi kelele, anasalimia wazee, na gari lake ni safi. Hana ubaya hata wa kusingiziwa. Hilo ndilo lililomtesa Rizwana. Laiti angekuwa na kaubaya kamoja tu!

Na jibu lenyewe lilikuwa limeshatolewa. Lilitoka Alhamisi, mezani, baada ya chakula. Mzee Ebrahim alikohoa, akasema, "Mwanangu, Ameena ameleta posa. Waseem. Unasemaje?" Kwao, tangu kwa mabibi, binti hasemi "ndiyo" kwenye posa, ni kukosa haya. Binti akinyamaza, kimya chake ndiyo "ndiyo" yake. Sasa Rizwana alinyamaza. Alinyamaza kwa sababu mbele ya macho yake aliona penseli juu ya sikio la mtu. Halafu, tuseme ukweli, alinyamaza pia kwa sababu mdomo wake ulikuwa umejaa samosa. Alipomaliza kutafuna, baba yake alikuwa ameshasema "Alhamdulillah" na yuko kwenye simu na Pinetown.

Toka Alhamisi, samosa haishuki.

"Mwalimu?" Sébastien aliita. "Uko hapa ama uko kwenye mji?"

Rizwana alishtuka, akatabasamu. "Niko kwenye mji."

Mji ni wao wawili tu walioujua. Vile vifungu vya mtihani vina watu wa ajabu: kuna mama anayerudisha kitabu maktaba kwa kuchelewa, kuna mzee anayemwagilia bustani kwa zamu, kuna basi linaloondoka kwa wakati. Wiki baada ya wiki, Sébastien na Rizwana walikuwa wamewakusanya wote, wakawajengea mji mmoja usio na jina. Wakawa wanaulizana habari zao kama majirani.

"Mama wa maktaba hajambo?" Sébastien aliuliza.

"Hajambo. Kitabu bado hajarudisha."

"Ule mama atatuletea shida. Na kule mvua ilinyesha?"

"Usiku tu, watu wakiwa wamelala. Asubuhi barabara kavu."

"Mji muzuri kabisa," Sébastien alisema kwa sauti ya chini. "Mi ningetaka nyumba kule. Ndogo tu. Karibu na ule mzee wa bustani."

Rizwana aliiona nyumba yenyewe, na mlango wake wa buluu, na viatu viwili vikubwa vya kazi nje ya mlango. Akavitoa viatu vile kichwani haraka.

"Soma," alisema. "Kifungu kinachofuata."

Sébastien alivuta karatasi, akakunja uso kama mtu anayerudisha forklift nyuma kwenye kichochoro. Akasoma kwa Kiingereza, pole pole, habari za Bwana Dlamini, msimamizi wa bohari, aliyefukuzwa kazi kwa sababu alikutwa amelala kazini zaidi ya mara moja. Sentensi ya chini ilisema: Bwana Dlamini alikuwa akilala kazini.

Sébastien alifikiri. Akatoa penseli sikioni. Akaweka alama.

"Cannot say."

"Eish, Sébastien!" Rizwana aliigonga meza, vioo vikaruka. "Imeandikwa hapa! Soma mstari wa pili!"

"Nimesoma, naona."

"Inasema nini?"

"Inasema alikuwa analala."

"Sasa?"

Sébastien alikuna shingo. "Mwalimu, angalia. Ule ni mutu mzima. Labda iko na bibi, iko na watoto, anaenda kanisa. Bon. Mi, mugeni, nachukua penseli, naandika kwenye karatasi ya serikali: ndiyo, baba huyu alikuwa analala. Vraiment? Mi siwezi kusema kitu kama hiyo. Na hawa wenyewe wanajua, ndiyo maana wameweka pale: Cannot say. Siwezi kusema."

Wiki zote hizi Rizwana alidhani Kiingereza ndicho kinachomchenga. Alirudi kwenye karatasi za zamani zilizolala pembeni. Yule mama wa maktaba aliyechelewesha kitabu: Cannot say. Yule mwalimu aliyepoteza funguo: Cannot say. Yule jirani aliyemwaga takataka: Cannot say. Kila mtu aliyekosea ndani ya ule mji, Sébastien alikuwa amemfunika nguo.

Alicheka mpaka akashika ubavu. Na katikati ya kicheko machozi yakamlenga, kwa sababu alijua hatapata tena maishani mwanaume wa kumsitiri hata mtu wa kwenye mtihani.

"Unanicheka."

"Sikucheki. Sikia." Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Cannot say maana yake si 'naona haya kusema'. Haya zako ziache mlangoni Jumatatu. Maana yake ni kwamba kifungu hakijasema. Kimekaa kimya. Basi."

"Aa! Donc kama kifungu imenyamaza..."

"Kikinyamaza, usikijazie. Usikisemee. Hata kama wewe unaona ni lazima iwe hivi, hata kama kila mtu mtaani kwenu anaona ni hivyo. Kimya si 'True'. Kimya ni ki..."

Akasita.

Maneno yalikuwa yametoka mdomoni mwake, yakazunguka na feni, yakarudi kumwangukia kichwani. *Kimya si 'True'.* Mbele kwenye kaunta, bisibisi ya Mzee Ebrahim ilisimama. Ikakaa hivyo kidogo. Kisha ikaendelea, krr, krr, ila pole pole zaidi.

"Kimya ni nini?" Sébastien aliuliza.

"Ni kimya," Rizwana alisema.

Mzee Ebrahim alivua miwani, akasema wakati wa Alasiri umeingia, akajivuta nyuma ya pazia kuswali. Hajamaliza kulifunga pazia, Mama Colette wa saluni akaingia na kitana kimechomekwa kichwani.

"Airtime ya kupiga Lubumbashi, mwanangu. Na haraka, nimeacha mutu kichwa nusu." Akawatazama wawili wale, mmoja hadi mwingine, kama anayepima nywele. "Eeh! Shule bado iko? Mi nilisoma mpaka diplôme, sikuwahi ona mwanafunzi anaangalia mwalimu hivi. Papa Sébastien, jibu liko kwenye karatasi, haliko kwenye uso."

"Mama Colette, niko nasoma."

"Naona. Unasoma sana. Umefika ukurasa wa macho."

"Mama, airtime yako," Rizwana alisema, uso unawaka.

"Nimepokea. Asante. Mi sisemi kitu." Akafika mlangoni, akageuka. "Lakini hata yule kichwa nusu kule anajua!"

Akaondoka na kicheko chake. Duka likawa na kimya cha aina nyingine, kile cha watu wawili wanaosikia feni.

Rizwana alikusanya karatasi ambazo hazikuhitaji kukusanywa. "Jambo la mwisho," alisema. "Ukitaka kuujua mtego, utege mwenyewe. Nitungie kifungu. Cha mdomo tu. Halafu nitolee sentensi, mimi nijibu."

"Mimi nitunge?"

"Kwa Kiswahili, usijali."

Sébastien aliiweka penseli mezani. Akaisukuma. Akairudisha. Halafu akaanza, macho yake kwenye kioo cha simu kilichopasuka, kama anayesoma humo.

"Iko mwanaume moja. Anafanya kazi Clairwood. Kila Jumamosi anavaa shati ya kanisa, anapanda taxi, anashuka kwenye robot, kwenye taa za barabara, anatembea mpaka duka ya simu. Simu yake haina shida. Ndani ya duka iko feni. Ile feni haimpulizie yeye. Inapuliza mwalimu. Sasa iko unywele moja inatoka kwenye mtandio ya mwalimu, inacheza. Mwalimu anairudisha. Inatoka tena. Mwanaume anasoma mstari moja mara tatu. Mwalimu anafikiri hajaelewa." Akaisogeza penseli. "Kifungu imeisha."

Rizwana alikuwa ameinua mkono kuurudisha ule unywele. Mkono ukabaki hewani. Aliuona mji wao umetulia wote, basi limesimama, mzee wa bustani ameshika mpira wa maji haumwagi, mama wa maktaba yuko dirishani, wote wanangoja.

"Sentensi," alinong'ona.

"Mwanaume anakuja kwa sababu ya mtihani. True, False, ama Cannot say?"

Alilijua jibu la moyo. Lakini yeye ni mwalimu, na sheria ni yake mwenyewe.

"Cannot say," alisema. "Kifungu hakijasema anakujia nini."

"Muzuri. Umepasi." Sébastien aliinua macho. Yalikuwa macho ya mtu aliyesimama ukingoni. "Naweza ongeza sentensi moja?"

"Rizwana!" Pazia lilifunguka. Mzee Ebrahim alitoka akikunja mikono ya shati. "Samosa ziko tayari? Ameena amenipigia, wako kwenye robot ya pale chini."

Sentensi ya Sébastien ikarudi ilikotoka.

"Iko wageni?" aliuliza, akaanza kusimama, kwa kuwa ana adabu.

Rizwana alitazama meza. "Bi Ameena wa Pinetown. Wanakuja kuchukua jibu. La posa."

"Posa ya nani?"

"Yangu."

Ilimchukua muda. Uso wake haukubadilika sana. Ila mkono uliokuwa unaokota penseli uliiokota mara mbili. "Félicitations," alimpongeza mwishowe, kama mtu anayetema msumari. "Ulisema ndiyo."

"Sikusema."

"Ulisema hapana?"

"Sikusema."

"Sasa wao walijua namna gani?"

"Nilinyamaza, Sébastien. Kwetu binti akinyamaza..." Hakumaliza.

Sébastien alimtazama. Angeweza kusema mengi. Mtu mwingine angesema, tena kwa sauti. Lakini baba mwenye nyumba amesimama pale, na Sébastien ni yule yule aliyeshindwa kumsema Bwana Dlamini wa karatasi. Alikunja karatasi zake, akazitia mfukoni.

"Mwalimu," alisema taratibu, "mi naona Jumatatu nitafeli."

"Kwa nini ufeli?"

"Sababu umenifundisha kitu moja saa hii, na sasa unanifundisha ingine. Haziendi pamoja." Akamgeukia Mzee Ebrahim, akainama kidogo. "Papa, asante kwa meza, asante kwa feni. Mungu akubariki."

Akaanza kutembea kuelekea mlangoni. Hatua za mtu mkubwa anayejitahidi asigonge kitu.

Nje, honi ililia. Piip! Fupi, ya kirafiki. Gari safi la Waseem lilikuwa limesimama mbele ya duka, na kwenye kiti cha mbele alionekana Bi Ameena na boksi la keki mapajani.

Hapo, msomaji wangu, ndipo mabinti wengi hunyamaza. Mlango uko wazi, wageni wako nje, keki imeshanunuliwa. Ni rahisi kunyamaza. Rizwana alihisi kimya kinampanda kooni kama Alhamisi, kizito, chenye viazi na pilipili.

"Baba," alisema.

Mzee Ebrahim alikuwa anapangusa miwani. "Lete trei, mwanangu."

"Baba, Alhamisi sikusema."

"Najua hukusema. Ndiyo nikajua."

"Nilikuwa na samosa mdomoni!"

Sébastien alisimama mlangoni. Hakugeuka, ila alisimama.

"Samosa?" Mzee Ebrahim alivaa miwani amtazame vizuri. "Unaniambia nimempa Ameena neno langu juu ya samosa?"

"Hata bila samosa, Baba. Nilinyamaza kwa sababu sikujua nitakuambiaje. Ukasoma kimya changu, ukaandika 'True'. Sikusema 'True'. Sikusema kitu."

"Cannot say," Mzee Ebrahim alisema.

Rizwana alimkodolea macho.

"Unadhani niko kiziwi? Wiki zote nakaa hapa. Macho ndiyo mabovu, masikio yangu yako sharp." Aliichukua bisibisi yake, akaipanga sambamba na ukingo wa kaunta, kama ina maana sana. Honi ililia tena, mara hii ndefu kidogo. Hakuitazama. "Mama yako, Mungu amrehemu. Nilipopeleka posa, aliulizwa. Akanyamaza. Nikafurahi, watu wakala biriani. Tukaishi vizuri, we unajua, hatukuwahi kutupiana hata kijiko." Akaisukuma tena bisibisi. "Lakini kila nikimwona amekaa dirishani peke yake, nilitaka kumuuliza: siku ile ulinyamaza kwa nini? Nikaona haya. Leo, kesho, leo, kesho. Sasa hayupo. Na mimi jibu langu mpaka leo ni lile lile la kwenye karatasi zenu."

Feni lilizunguka. Hakuna aliyelisikia.

"Kwa hiyo nauliza upya," Mzee Ebrahim alisema, na sauti yake ilikuwa na kikohozi ndani. "Kwanza fungua mdomo."

"Baba?"

"Fungua nione. Hakuna samosa? Hakuna. Vizuri. Waseem. Unasemaje?"

Rizwana alivuta pumzi hadi miguuni. "Ni mtu mzuri, Baba. Jibu ni hapana."

Lilikuwa neno dogo, lakini mabega ya mlangoni yalilisikia. Yalishuka, kama mtu aliyewekewa chini katoni zito.

"Hapana," Mzee Ebrahim alirudia, akilionja. Kisha akanyoosha kidole kuelekea mlangoni. "Na huyu? Maana mimi sijamwona akinunua kitu toka ile chaja. Si wa dini yetu. Kwao ni mbali. Na anaendesha gari lisilo na milango, tena si lake. Mwanangu, hapo nisome nini?"

"Baba, huyo sijamuuliza. Wala yeye hajamaliza kifungu."

"Aah." Mzee alichukua trei ya samosa mwenyewe, akaifunika kitambaa. Alipofika mlangoni alisimama kando ya Sébastien, ambaye alijibana kwenye ukuta kumpisha. "Kijana."

"Papa."

"Usifikiri umepasi. Hakuna ulichopasi. Iko maswali ya dini, iko maswali ya wazazi wako, iko mimi. Na kwenye karatasi yangu hakuna kuchagua moja kati ya tatu. Unaeleza, kwa sentensi kamili, mbele ya watu, mchana. Umesikia?"

"Nimesikia, Papa."

"Na mtihani wa Jumatatu ufanye. Sitaki mtu wa visingizio."

"Nitafanya, Papa."

"Baba, utamwambia nini Bi Ameena?" Rizwana aliita.

Mzee Ebrahim alivuta pumzi ya mtu anayekwenda kupokea aibu yake kwa mikono miwili, na trei juu. "Nitamwambia ukweli. Kwamba binti hakufanya kosa. Mimi ndiye niliyefeli ufahamu." Akatoka kwenye jua, na wakamwona anainama dirishani mwa gari, anafungua kitambaa, anaongea, na Bi Ameena anaweka mkono kifuani, na Waseem, kijana wa watu, anatazama usukani wake safi. Mlango wa gari haukufunguliwa. Lakini baada ya muda mkono wa Bi Ameena ulitoka dirishani, ukachukua samosa moja.

Ndani walibaki wawili. Sébastien bado alikuwa mlangoni, hajui kama ni mtu anayeingia au anayetoka.

"Kaa," Rizwana alisema.

Alikaa. Penseli ikarudi sikioni, kwa woga, kama ndege anayerudi tawini. Kutoka saluni ya jirani walisikia sauti ya Mama Colette ikimwambia mtu, "Sikiliza, sikiliza, kumenyamaza," na mtu akacheka.

"Kisome tena kile kifungu," Rizwana alisema.

"Chote?"

"Chote. Pole pole. Halafu uongeze ile sentensi."

Sébastien alianza. Iko mwanaume moja, anafanya kazi Clairwood. Shati ya kanisa, taxi, robot, duka. Rizwana alifumba macho. Aliuona mji wao unaamka, basi linaondoka kwa wakati, mzee wa bustani anafungua maji, na kule mwisho wa barabara ile nyumba ndogo, mlango wa buluu. Safari hii vile viatu vikubwa hakuvitoa. Aliviacha pale pale nje, akaweka ndara zake kando yavyo.

"...Mwalimu anafikiri hajaelewa," Sébastien alisema. "Mwanaume hakuja kwa mtihani. Alikuja kwa mwalimu. Mtihani ilikuwa tu njia ya kupita." Akapumua. "Sasa kifungu imeisha."

"Bado," Rizwana alisema, macho bado kayafumba, unywele wake ukicheza kwenye upepo bila kurudishwa na mtu. "Na mwalimu naye, wiki nzima, alikuwa anangoja Jumamosi. Hiyo iweke. Mtu asije akaisoma vibaya."